Ringi Nyepesi na Bei Yake

Mtu akikufundisha jambo bila malipo kwa kutumaini kwamba utanunua bidhaa kwake, nawe wajua tangu mwanzo kwamba hutanunua, je, umemwibia? Na kama umemwibia, umemwibia nini, maadamu alichokupa bado anacho kichwani mwake vilevile kama kilivyokuwa?

Swali hili sikulikuta kitabuni. Lilinijia nikiwa nimeketi juu ya kigoda uani kwangu, hapa Tabora, mbele ya boksi kubwa lililozungushiwa utepe wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na magurudumu mawili ya baiskeli, ya alumini, yaliyotoka Uchina. Kwa miaka mingi nilifundisha katika chuo cha ualimu, na kwa miaka mingine nilikuwa mkuu wa chuo. Niliwauliza wanachuo maswali ya maadili magumu kuliko hili, nikasahihisha majibu yao kwa kalamu nyekundu bila mkono kutetemeka. Hili langu nimelizungusha kichwani tangu mwaka jana na bado sijalitia alama.

Baiskeli yangu ni Phoenix ya aina ile ambayo kila mtu wa umri wangu anaijua: nyeusi, ndefu, ya chuma kitupu, yenye breki zinazovutwa kwa fimbo za chuma badala ya waya. Niliinunua mwaka 1988, nikiwa bado mkufunzi. Imenipeleka kazini, imembeba marehemu mke wangu kwenda kliniki, imebeba mahindi, na sasa hunipeleka shambani kila Jumanne na Jumamosi. Ni kilomita tisa za njia ya mchanga, pamoja na kilima kimoja ambacho zamani sikujua kuwa ni kilima. Mwaka juzi magoti yalianza kunigomea mahali pale. Nikawa nashuka na kusukuma. Mtu wa miaka sabini na minne akisukuma baiskeli kupanda kilima hapati shida ya miguu tu. Kila apitaye humpa pole, na pole zikizidi nazo huwa mzigo.

Mjukuu wangu mmoja, anayesoma Dar es Salaam, alikuja likizo akanitazama nikirudi, akasema, “Babu, tatizo si magoti. Tatizo ni ringi.” Akatoa simu akanionyesha magurudumu ya aloi, yaani alumini iliyochanganywa na madini mengine kidogo, aghalabu magnesi na silikoni, ili iwe ngumu. Yaling'aa katika picha ile kama sahani za harusi.

Kabla ya kuwa mkuu nilikuwa mwalimu wa fizikia, kwa hiyo sikukubali kirahisi. Alumini ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma cha ujazo uleule, lakini ni laini zaidi, hivyo mtengenezaji wa ringi hulazimika kuijaza unene. Mwisho wake ringi ya alumini huwa kama nusu ya uzito wa ile ya chuma, si theluthi. Tena gramu iliyo ukingoni mwa gurudumu hufanya kazi mbili: husafiri mbele pamoja na baiskeli, na papo hapo huzunguka. Kwa sababu hiyo unapoanza kukanyaga kutoka kusimama, gramu ile hukudai nguvu karibu mara mbili ya gramu iliyo kwenye fremu. Ukishashika mwendo katika tambarare haikudai ziada yoyote, na mlimani hukudai sawasawa na gramu nyingine. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha nikaona kwamba magurudumu yote mawili yangeniokolea kama kilo moja na nusu. Dumu la maji ninalofunga nyuma kwenda shambani lina lita tano. Ningeweza kulijaza nusu tu, nikapata wepesi mkubwa zaidi bila kutoa hata senti. Hesabu hiyo sikumwonyesha mjukuu.

Nilikuwa nimeshayataka. Nilijitetea kwa hoja moja ya haki, nayo ni breki: ringi ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa mvua huwa kama imepakwa sabuni, ilhali mpira wa breki hushika alumini vizuri zaidi hata ikiwa na maji. Mwenye kuteremka kile kilima mwezi wa Machi ataielewa hoja hii. Hata hivyo nakiri kwamba sikuanza na breki. Nilianza na picha, hoja ikaja baadaye, kama zijavyo hoja nyingi.

Bei katika simu ilikuwa imeandikwa mara mbili. Ya kwanza, kubwa, ilikuwa imekatwa kwa mstari. Ya pili, ndogo, ilikuwa nyekundu. Nadhani ile iliyokatwa hajawahi kuilipa mtu yeyote, ipo ili tuione imekatwa. Pamoja na usafiri wa meli na wakala wa mizigo wa Dar es Salaam, jumla ilikuwa shilingi 126,000, na basi hadi Tabora 10,000. Tatizo lilikuwa kwamba muuzaji aliuliza mambo matatu ambayo sikuyajua: kipenyo cha ringi, upana wa habu, na idadi ya spoki. Mjukuu naye hakuyajua. Tukaandika maswali hayo matatu kwenye kikaratasi, nikakitia mfuko wa shati, nikaenda kwa fundi.

Naomba msomaji akishike kikaratasi hicho, kwa kuwa ndicho ushahidi dhidi yangu. Sikwenda kwa fundi kutafuta magurudumu. Nilikwenda kutafuta majibu ya kumpelekea mtu mwingine.

Fundi huyu ana kibanda chini ya mwembe karibu na soko. Ni mtu wa miaka hamsini na ushee, mpole, mwenye mikono ya grisi isiyotoka tena. Ameitengeneza Phoenix yangu tangu alipokuwa akimsaidia mjomba wake palepale.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Fundi. Za kazi?”

“Nzuri, Mwalimu. Karibu, kaa huku kwenye kivuli.”

Nikamwambia kwamba nafikiria kubadilisha magurudumu, niweke ya alumini. Maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Fundi aliacha pancha ya kijana mmoja wa mkaa, akamwomba asubiri, akaipindua baiskeli yangu ikasimama juu ya usukani na kiti. Kisha akanifundisha kwa muda unaokaribia saa nzima.

Alinionyesha kwamba maneno “inchi ishirini na nane” hayatoshi kumwongoza mtu, kwa kuwa ringi zinazoitwa hivyo ziko zaidi ya aina moja. Yangu, ya tairi la 28 kwa moja na nusu, hukaa tairi kwenye kipenyo cha milimita 635. Zile za baiskeli za kisasa, ambazo nazo huitwa ishirini na nane, zina milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi la moja halikai kwenye nyingine hata ukilibembeleza. “Usisome namba kubwa, Mwalimu. Soma hii ndogo pembeni.” Kweli ilikuwepo, 40-635, na miaka yote sikuwahi kuiona. Akanihesabisha spoki: mbele 32, nyuma 40, desturi ya baiskeli hizi tangu zile za Waingereza, magurudumu mengi ya alumini huja na 36 au 32, kwa hiyo habu zangu za zamani zisingefaa, ilikuwa lazima ninunue magurudumu yaliyokwisha kusukwa. Akachukua rula akapima uma wa mbele na wa nyuma, akaniambia kwamba habu ya nyuma ya baiskeli za milimani, yenye milimita 135, haitaingia katika uma wangu ila kwa kuulazimisha, na fremu ikilazimishwa hulipiza siku nyingine.

La mwisho ndilo lililokuwa kubwa. Breki za fimbo, alisema, haziibani ringi ubavuni. Huivuta kutoka ndani, upande wa spoki. Ringi ya chuma imekunjwa mahsusi ili breki ipate pa kushika. Ringi ya alumini ina ubavu bapa, inataka breki za waya zinazobana kushoto na kulia. “Ukiweka ringi hizo na breki hizi, Mwalimu, utateremka kile kilima chako bila kusimama.” Akacheka, nami nikacheka. Ndani ya kicheko changu nilikuwa nahesabu: kipenyo, habu, spoki, na la nne ambalo hata muuzaji hakuliuliza.

Nikamwuliza bei. Akasema anaweza kunitafutia kwa mtu wake wa Kariakoo, magurudumu mawili pamoja na breki za waya na kufunga, 210,000. Nikasema, “Nitakujulisha.” Nikamshukuru. Yule kijana wa mkaa alikuwa bado anasubiri.

Jioni ile mjukuu alijaza nafasi zote, akaongeza jozi ya breki za waya ambazo muuzaji alizitoa pamoja kwa bei ileile, nikalipa kwa simu nikiwa nimekaa sebuleni.

Vijana hawawezi kujua maana ya kitendo hicho kwa mtu wa rika langu. Mwaka 1983, wakati wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, nilitafuta tairi la baiskeli kwa miezi minne. Bei yake ilijulikana, kwa maana tulikuwa na Tume ya Bei tangu mwaka 1973, na bei ile ilikuwa ya haki kabisa. Kilichokosekana ni tairi. Nilipata kibali, nikapanga foleni siku mbili, nikatoka na tairi moja, nami nilihitaji mawili. Kuanzia mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, kisha mwaka 1985 akaja Mzee Mwinyi na zama tulizoziita za ruksa, na vitu vikajaa. Kibanda cha fundi wangu ni mtoto wa ruksa hiyo. Mjomba wake alianza na spoki na tyubu za kubeba begani kutoka Kariakoo. Sasa ruksa imekua mpaka ikaingia mfukoni mwangu, na mlango uliomwingiza fundi mjini ndio ninaopitia mimi kumzunguka. Sina chozi la kumlilia mwaka 1983. Yeyote anayesema kwamba watu maskini hawapaswi kutafuta penye nafuu hakupanga foleni ile.

Kununua kwa bei ndogo, basi, si kosa, na sitamruhusu mtu anifanye nione hivyo. Pensheni yangu haiongezeki kila magoti yanapoharibika. Shilingi 74,000 nilizookoa ni dawa, ni sukari, ni ada ya mtihani ya mtoto wa jirani ninayemsaidia. Na yule aliyetengeneza ringi zile katika kiwanda cha Uchina ni mtu kama fundi wangu, ana watoto, anakula kwa jasho. Kwa nini jirani awe na haki zaidi juu ya fedha yangu kuliko mtu wa mbali? Nimelifikiri hilo nikaona kwamba ujirani peke yake haumpi mtu haki ya kuniuzia ghali.

Lakini nilipofika hapo sikutulia. Ile saa moja chini ya mwembe iliendelea kunidai.

Nilijitetea kwanza kwamba fundi alinipa mwenyewe, sikumlazimisha. Ni kweli, ila alinipa huku akiamini jambo ambalo mimi nilijua si kweli. Kisha nikajitetea kwamba elimu haipungui ikitolewa. Anayewasha koroboi yake kwenye yangu haniachi gizani. Mfano huo nilikuwa nikiupenda sana chuoni. Sasa nikaona una tundu: saa ya fundi ilipungua, na pancha ya kijana wa mkaa ilichelewa. Isitoshe, niliufundisha mfano huo mwezi baada ya mwezi nikiwa na mshahara. Mwanachuo hakunilipa, lakini serikali ilinilipa, na serikali ilichukua kwa mkulima wa pamba na tumbaku. Sikuwahi kufundisha bure hata siku moja. Nilikuwa najiona mtoaji kwa sababu mkono ulionilipa ulikuwa hauonekani darasani.

Je, fundi analipwa na nani anapofundisha? Hapo ndipo nilipoielewa ile 210,000. Nilikuwa nimeiona kama bei ya ringi, nikailinganisha na bei ya ringi katika simu, nikasema ya fundi ni ghali. Havikuwa vitu viwili vinavyolingana. Bei ya fundi ilibeba ringi, nauli ya Kariakoo, ushuru wa kibanda, kazi ya kufunga, na pia ile saa moja, pamoja na saa nyingine nyingi ambazo watu hukaa kwenye kivuli chake, wakauliza, wakaondoka bila kununua chochote. Bei ya simu ilibeba ringi tupu. Tena isingenifaa kitu bila saa ya fundi, kwa maana ningeagiza ringi za 622 zenye habu ya 135, nikazitundika ukutani kama picha. Wahenga walisema vyaelea, vimeundwa. Mimi nilinunua chombo kwa mmoja na kuchukua uundaji kwa mwingine, nikalipa upande mmoja.

Kuna kisa cha kale ambacho Cicero wa Roma alikijadili katika kitabu chake juu ya wajibu, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo. Mfanyabiashara mwema anafika na shehena ya nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameona meli nyingine zikija na nafaka. Je, awaambie watu, bei ishuke, au anyamaze auze ghali? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anasema kwamba muuzaji afichue kile ambacho sheria inamtaka afichue, zaidi ya hapo anyamaze. Kunyamaza si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, anasema aseme yote, kwa sababu watu wamezaliwa kusaidiana. Cicero mwenyewe aliona kwamba mfanyabiashara hakupaswa kuwaficha. Karne nyingi baadaye Thomas Aquinas alikitazama kisa hichohicho akapita katikati: haki haimlazimishi muuzaji kusema, lakini akisema, wema wake utakuwa mkamilifu zaidi.

Nilikipenda kisa hiki nikiwa mkufunzi kwa sababu wanachuo waligawanyika nusu kwa nusu na kipindi kilipita haraka. Sikuwahi kufikiri kwamba mnunuzi naye anaweza kuwa na meli zake njiani. Katika kisa changu aliyekuwa na habari ni mimi. Fundi ndiye mtu wa Rhodes. Nilijua kwamba shehena nyingine inakuja, ya bei ndogo, nami ndiye niliyeiita, nikakaa mbele yake nikala nafaka yake.

Ningefuata njia ya Aquinas ningepona kidogo: sikudhulumu, nilipungukiwa ukamilifu tu. Nilikaa katika nafuu hiyo kwa wiki kadhaa. Kilichoniondoa humo ni neno “Mwalimu”. Kama kijana wa mkaa angekwenda kuuliza ringi za alumini, angepewa bei na sentensi mbili. Mimi nilipewa kivuli, kiti na saa nzima kwa sababu ya heshima ya kazi niliyoifanya. Heshima hiyo niliitumia kama kuponi. Hapo sikuona tena kwamba ni upungufu wa ukamilifu.

Magurudumu yalifika baada ya majuma saba. Niliyapima kwenye mzani wa muuza mahindi: la mbele la zamani, bila tairi, kilo 1.7, jipya, kilo 1. Ila jipya lilikuwa linayumba. Ukilizungusha, ringi ilikuwa ikienda kushoto na kurudi kulia kama mtu aliyekunywa. Hilo si ajabu kwa gurudumu lililosafiri mbali. Linataka kunyooshwa tu, na kunyoosha ni kazi ya fundi.

Hapa naandika jambo ambalo linanitia haya kuliko ile saa moja. Sikuyapeleka kwa fundi wangu. Niliyafunga kwenye gunia, nikapita njia ya nyuma ya soko, nikayapeleka kwa kijana mmoja karibu na stendi. Sikuwa namwogopa fundi. Nilikuwa naogopa uso wake. Yule kijana alikaza spoki zote za upande mmoja kwa nguvu zake za ujana, gurudumu likawa yai, vichwa vya spoki vikaliwa, akadai shilingi 10,000, nikampa.

Basi nikakaa uani mbele ya lile boksi, na hapo ndipo swali la mwanzo wa maandishi haya lilipopata umbo lake. Asubuhi iliyofuata nikaenda chini ya mwembe.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Fundi.”

Nikafungua gunia. Aliyatazama magurudumu, akalishika la mbele kwa ekseli, akalizungusha mara moja, akazigusa spoki moja baada ya moja kwa kucha akizisikiliza, kama mpiga zeze anayetafuta sauti.

“Haya umeyapata wapi, Mwalimu?”

“Niliagiza kwa simu.”

“Lini?”

Ningeweza kusema mwezi uliopita. Nikasema, “Siku ileile uliyonipimia.”

Akaendelea kugusa spoki. Kisha akasema, bila kuniangalia, “Kumbe siku ile ulikuwa unajifunza.”

Nikasema ndiyo, na kwamba nilipaswa kumwambia. Akasema, “Ungeniambia tu, Mwalimu. Ningekupimia vilevile. Ningekutoza elfu tano ya kupima, basi.”

Kwa hiyo saa ile ilikuwa na bei. Miezi yote niliyokuwa nikishindana na Diogenes na Antipater, jibu lilikuwa limekaa chini ya mwembe, elfu tano, na lingepatikana kwa sentensi moja kabla ya kuketi. Sidai kwamba linamaliza kila kitu. Yuko atakayesema kwamba mafundi wote wakianza kutoza kupima, ule ukarimu wa kivuli utakwisha, na maskini ambaye hana hata hiyo elfu tano ataagiza ringi isiyomfaa. Sijui nimjibu nini. Huenda mimi na wenzangu wenye vikaratasi mfukoni ndio tutakaoumaliza.

Alifanya kazi hadi adhuhuri. Alitoa spoki tisa zilizoharibika akaweka mpya. Alinionyesha jinsi ya kukaza moja robo ya mzunguko na kulegeza ya jirani yake, kwa sababu spoki zinavuta kwa zamu kushoto na kulia, na alumini haipendi kulazimishwa. Ikizidiwa hupasuka penye tundu. Alifunga breki za waya. Alidai 25,000. Nikampa 30,000. Akazihesabu, akanirudishia noti ya elfu tano.

“Hii ni ya siku ile?” akauliza. “Siku ile imepita, Mwalimu.”

Sikubishana naye. Ukijumlisha ya kijana wa stendi na ya siku hiyo, faida yangu yote katika ununuzi ule ilibaki 39,000. Magurudumu ni mazuri. Kilima nakipanda bila kushuka, ingawa dumu la maji sasa silijazi hadi juu, kwa hiyo sina hakika ni lipi linalostahili sifa.

Magurudumu ya chuma nilimwachia palepale kibandani, nikisema ayafanyie atakavyo. Majuma mawili baadaye, Jumamosi, nikitoka shambani, aliniita kwa mkono.

“Mwalimu, yale ya chuma yamepata mtu. Yule wa mkaa. Nimeyauza elfu thelathini. Nimechukua kumi ya grisi na spoki mbili nilizoweka. Hii yako.”

Akanipa noti mbili za elfu kumi. Nikashuka kwenye baiskeli, nikazipokea kwa mikono miwili.